Urubani wa ndege za mizigo: kuomba kazi, kupita usaili na kuiweza zamu ya usiku

Waridi linalokatwa asubuhi kando ya Ziwa Naivasha linaweza kuwa mnadani Uholanzi siku moja au mbili baadaye. Katikati yake kuna lori lenye baridi, ghala la mizigo pale JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, vijana wanaofunga paleti kwa nyavu, na marubani ambao majirani zao hawaelewi wanafanya kazi gani, maana hutoka nyumbani magharibi na kurudi wenzao wakienda ofisini.

Ndege zao nyingi ni za aina zile zile zinazobeba abiria na sheria za mamlaka ya anga ni karibu zile zile, ila kazi ina mambo yake. Abiria huingia kwa miguu yao, hujifunga mkanda, na wakinusa moshi hupiga kelele. Mzigo haufanyi hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana wasaili wa kampuni za mizigo humtafuta mtu mwenye macho ya kukagua na kinywa cha kukataa. Kwamba unajua kuendesha ndege, leseni imeshawaambia.

Kwanza, jua unaomba ngazi gani

Ngazi ya chini kabisa kwa Afrika Mashariki ni Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, na viwanja vya aina yake: Cessna Caravan ya injini moja, tani moja na ushee ya dawa, vipuri na vyakula, kwenda kaskazini mwa Kenya, Somalia au Sudan Kusini. Hapa ndipo huanzia wengi wenye leseni ya biashara, ile CPL, ambayo kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hupatikana kuanzia saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho.

Juu yake kuna jeti za masafa ya kati. Astral Aviation, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000, ni mfano wa kampuni iliyojengwa juu ya mizigo peke yake. Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F yake Juni 2023, ndege ya kubeba tani 54 hivi. Ngazi ya juu ni akina Ethiopian, Emirates na Qatar wenye Boeing 777F inayobeba zaidi ya tani 100, na Cargolux ya Luxembourg ambayo 747 zake hutua Nairobi. Huko usitarajie kupokelewa bila ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, ambayo inadai angalau saa 1,500 na umri wa miaka 21. Kila tangazo huongeza masharti yake: saa kadhaa kwenye jeti, saa kadhaa kama kapteni, saa kadhaa kwenye aina ileile ya ndege. Yasome neno kwa neno, kwa sababu kompyuta ya kuchuja maombi haina huruma na aliyepungukiwa.

Mwenye saa chache asiidharau Caravan. Kule unapima mzigo mwenyewe, unaupanga mwenyewe, unajaza karatasi ya uzito mwenyewe, na ukikosea unalijua kosa lako kabla hujafika mwisho wa njia ya kurukia. Msaili aliyeanzia huko huligundua hilo ndani ya dakika tano za mazungumzo.

Jambo jingine la kupima kabla ya kutuma maombi ni mzigo wenyewe. Kampuni inayoishi kwa bidhaa moja hufa na bidhaa hiyo. Somalia iliposimamisha ndege za miraa kutoka Kenya Machi 2020, safari hizo hazikurudi hadi Julai 2022, na kwa miaka hiyo miwili na ushee waliokuwa wakizitegemea, kuanzia mkulima wa Meru hadi rubani, walikaa kimya. Waulize wafanyakazi wa sasa: mzigo wenu ni nini, mteja wenu mkubwa ni nani, akiondoka mtabeba nini?

Pili, makaratasi

Leseni iwe hai, cheti cha afya cha Daraja la Kwanza kiwe hai, na kiwango cha Kiingereza kiwe kimeandikwa kwenye leseni. ICAO inataka kiwango cha 4 au zaidi; cha 4 hupimwa upya kila miaka mitatu, cha 5 kila miaka sita, cha 6 hakipimwi tena. Ongeza pasipoti yenye muda wa kutosha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na cheti cha polisi cha tabia njema. Hiki cha mwisho kiombe mapema, kwa sababu ndicho hukawia.

Daftari la saa za kuruka ndilo litakalochunguzwa kuliko vyote. Andaa ukurasa mmoja wa majumlisho: saa zote, saa za kapteni, saa za usiku, za injini mbili, za kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), na saa za miezi 12 iliyopita. Majumlisho hayo yalingane na fomu uliyojaza mtandaoni hadi desimali. Wasaili wanazijua sana saa za kalamu, zile zilizoandikwa mezani bila ndege kuondoka ardhini. Wakitaka kuzinasa huchukua namba moja ya usajili wa ndege na tarehe yake, wakalinganisha na kitabu cha ndege yenyewe.

Kuhusu mipaka: leseni ya KCAA au TCAA, mamlaka za anga za Kenya na Tanzania, haikuruhusu moja kwa moja kurusha ndege iliyosajiliwa nchi nyingine. Lazima nchi hiyo iitambue au uibadilishe. Kampuni za Ghuba zimezoea kupokea ATPL ya ICAO na kushughulikia utambuzi. Ulaya ni mlima mwingine: utafanya upya mitihani 13 ya nadharia ya EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, na haki ya kuishi na kufanya kazi huko ni shauri lako. Marekani nako, kabla ya leseni ya FAA, mamlaka ya anga ya huko, swali la kwanza ni kama una kibali cha kufanya kazi nchini humo.

Na yeyote anayekuomba pesa ili akupangie usaili ni tapeli, hata awe na barua pepe yenye nembo ya kuvutia. Wakala halali hulipwa na kampuni.

Tatu, maswali ya ufundi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wamekariri majibu ya mitihani na msaili anataka hesabu ya uwanja anaoufahamu. Swali linalopendwa: kwa nini ndege nyingi za mizigo mizito hupendelea kuondoka Nairobi usiku?

Jibu la nusu ni soko. Maua yafike alfajiri. Jibu kamili lina namba. JKIA uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Kwa anga ya viwango, yaani hali ya hewa ya kukadiria inayotumika kwenye hesabu za urubani, joto la kimo hicho lingekuwa nyuzi 4 hivi. Saa nane mchana kipimajoto kikisoma 27, tofauti ni nyuzi 23. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, unapata karibu futi 2,760 za ziada: ndege inahangaika kana kwamba uwanja uko juu ya futi 8,000. Saa nane usiku joto likiwa 13, tofauti ni nyuzi 9, na kwa ndege uwanja ule ule uko futi 6,400 tu. Hewa nzito huipa bawa na injini nguvu zaidi, na tofauti hiyo inageuka tani za mzigo unaoweza kupakia bila kuhofia injini moja ikizimika wakati wa kuruka. Fanya hesabu hiyo mbele ya msaili kwa sauti, kisha uifanye tena ya Eldoret, ulio karibu futi 7,000, au Mwanza. Hatakuuliza tena kama unaelewa utendaji wa ndege.

Swali la pili ni kitovu cha uzito. Mzigo ukizidi nyuma, pua hunyanyuka kabla ya wakati, kama dau lililopakiwa tezi. Ukizidi mbele, pua inagoma kunyanyuka, kasi ya kuporomoka inapanda na mafuta yanaliwa zaidi. Hapo msaili atakuomba mfano, na mifano ipo. Tarehe 7 Agosti 1997, DC-8 ya Fine Air ilianguka Miami mara tu baada ya kuruka. Mzigo haukuwa umepangwa kama karatasi zilivyosema, kitovu kikawa nyuma kuliko marubani walivyoamini. Tarehe 29 Aprili 2013, 747 ya National Airlines iliyobeba magari matano ya deraya iliondoka Bagram, Afghanistan. Gari la nyuma lilichomoka kwenye kamba, likarudi mkiani, likaharibu mitambo ya kuongozea ndege. Watu wote saba waliokuwemo walikufa. Ukieleza ajali hizi, malizia na unachofanya wewe kwa sababu yake: unapanda deki kuu, sakafu kubwa ya mizigo, na tochi, unahesabu kamba, unasoma lebo ya kila paleti na kulinganisha nafasi yake na karatasi.

La tatu ni bidhaa hatari. Kabla ya safari utapewa taarifa ya bidhaa hatari, ile marubani huiita notoki, inayosema kuna nini, kiasi gani, kimekaa wapi. Uijue barafu kavu, kwa sababu inatoa hewa ya ukaa na kwenye ndege isiyo na abiria anayeivuta hewa hiyo ni wewe. Uzijue betri za lithiamu zaidi ya vyote. Tarehe 3 Septemba 2010, 747 ya UPS iliondoka Dubai na shehena iliyokuwa na betri hizo, ikashika moto ikiwa angani. Doha ulikuwa karibu zaidi, maili 100 hivi. Wafanyakazi wakaamua kurudi Dubai. Moshi ulijaa chumba cha marubani hadi wasione vyombo, oksijeni ya kapteni ikakatika, na rubani msaidizi akabaki peke yake. Wote wawili walifariki.

Msaili akiuliza ungefanyaje, ujue kwanza kwamba deki kuu ya ndege nyingi za mizigo haina gesi ya kuzima moto. Moto hunyimwa hewa: unavaa barakoa ya oksijeni, unafunga hewa inayokwenda kwenye deki, unapunguza mgandamizo kwa kufuata orodha ya dharura. Hatua hizo hupunguza kasi ya moto, haziahidi kuuzima. Kwa hiyo jibu lazima liwe na uwanja wa karibu na uamuzi wa kwenda huko sasa hivi.

Mengine pitia haraka: V1 (kasi ambayo ukishaivuka huwezi tena kuahirisha kuruka) na maana yake, kusoma METAR na TAF (taarifa na utabiri wa hali ya hewa ya uwanja) bila kusitasita, namna ya kuikwepa ngurumo kwa rada na umbali wa kuiacha, ukanda wa mvua wa ikweta unavyopanda na kushuka na misimu yetu ya masika na vuli.

Nne, maswali ya tabia

"Kapteni wako ni mzee unayemheshimu, na amechoka. Paleti moja imezidi kilo 400 kuliko karatasi. Mteja yuko kwenye simu anataka ndege iondoke. Wewe ni rubani msaidizi. Unafanya nini?"

Kijana aliyelelewa vizuri kwetu atajibu kwamba atamheshimu mkubwa. Hilo ndilo jibu linalomrudisha nyumbani. Anayejibu kwamba atamgombeza kapteni naye haendi mbali. Wanachotaka kusikia ni ngazi, tena kwa maneno utakayotumia kweli. Kwanza unataja jambo na tarakimu yake: "Kapteni, paleti ya nafasi ya tatu imezidi kilo 400. Naomba tusimame tupige hesabu upya kabla ya kuwasha injini." Akipuuza, unarudia ukitaja hatari: "Kapteni, kwa uzito huu sijui kama tuko ndani ya mipaka, na wewe hujui." Akiendelea, unafunga mlango: "Samahani kapteni, kwa karatasi hii mimi siruki." Heshima imebaki kwenye sauti, na ndege imebaki chini.

Wataomba pia mfano wa kweli kutoka kazini kwako. Chagua tukio dogo ulilolishughulikia mwenyewe, eleza hali, ulichosema, kilichotokea. Usilete hadithi ya kishujaa. Na usiwaseme vibaya waajiri wa zamani, kwa sababu dunia ya anga ya Afrika Mashariki ni ndogo; huyo unayemsema pengine walisoma pamoja na anayekusikiliza.

Swali la "kwa nini mizigo?" litakuja tu. Ukijibu kwamba unangoja nafasi kwenye ndege za abiria, umejimaliza. Ukisema unapenda kuruka usiku, watacheka. Sema kinachokuvuta kweli: aina ya ndege, njia, ufundi wa kupakia, mpangilio wa siku za mapumziko.

Tano, simuleta

Kwa kawaida unapewa saa moja hivi ndani ya mashine hii ya kuigiza ndege, na mwenzako usiyemjua. Utaruka kwa vyombo vitupu, bila otopailoti wala kielekezi, zile alama za skrini zinazokuonyesha pa kuielekeza ndege; utaingia mzunguko wa kusubiri; utazimikiwa injini baada ya V1; utarudi kwa ILS, mfumo wa redio wa kuongozea kutua, pengine na kulazimika kupaa tena. Ndege huenda ikawa ya aina usiyoijua, nao wanalielewa hilo. Hawangoji usahihi wa mwalimu. Wanaangalia kama ukikosea unajirekebisha, na kama unaendelea kusema unachofanya.

Injini inapozimika, usiguse chochote kwa haraka isipokuwa usukani na pedali. Nyoosha ndege, panda, kisha ndipo uombe orodha. Wapo ambao kwa papara huzima injini iliyo nzima, ile inayofanya kazi.

Zamu yako ya kumsaidia mwenzako inahesabiwa alama sawa na zamu yako ya kuruka. Mkumbushe kimo, msomee chati, mwonye akizidi kasi. Anayemwachia mwenzake azame ili yeye aonekane bora huwa anaandikwa kwanza kwenye orodha ya wasiofaa. Ukiweza, nunua saa moja au mbili za mazoezi ya simuleta wiki ya usaili. Ni pesa nyingi, lakini ndipo pesa ya maandalizi inapofaa zaidi.

Sita, mkataba kabla ya saini

Mshahara utaangalia mwenyewe. Mimi ningesoma kwanza kifungo cha mafunzo. Kampuni ikikulipia taipu, yaani mafunzo ya aina mahususi ya ndege, hukufunga kwa miaka kadhaa. Hakikisha deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba halikuhusu wakikuachisha wao. Kampuni inayotaka wewe ulipe ili uruke ukibeba mizigo ya wateja wake, iache.

Pili ni bima. Njia zetu nyingi za mizigo huingia Somalia, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ya Kenya aina ya Embraer 120 iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilidunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia, na watu sita wakafa. Uliza kwa maandishi: bima ya maisha inafanya kazi kwenye maeneo ya vita? Nani anaamua kwamba njia ni salama, na rubani akikataa nini kinamtokea? Ukipewa jibu la mdomo, omba liandikwe.

Tatu ni rosta na mahali pa kulala. Siku ngapi kazini, ngapi nyumbani, nani analipa tiketi ya kurudi, hoteli ina mapazia mazito au la. Usicheke hilo la mapazia.

Saba, ukishaingia kazini

Adui wa kila siku ni usingizi. Mwili huzama kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna uzoefu unaoubadilisha. Tarehe 14 Agosti 2013, Airbus A300 ya UPS ilianguka alfajiri ikikaribia Birmingham, Alabama, na wachunguzi walitaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Hata hivyo kanuni mpya za Marekani za mapumziko ya marubani, zilizoanza Januari 2014, ziliwahusu wa abiria na kuwaacha nje wa mizigo. Nchi yako ina kanuni zake. Zisome mwenyewe, usimwachie mpanga rosta.

Kabla ya usiku wa kwanza wa zamu, lala mchana hata kama huna usingizi. Chumba kiwe giza na simu iwe mbali. Kahawa inywe mwanzoni mwa safari, siyo saa mbili kabla ya kulala. Nyumbani, ieleze familia na msaidizi wa kazi kwamba ukilala saa tatu asubuhi, hiyo ni saa tatu usiku yako. Misiba na harusi utazikosa nyingine, na hilo lizungumzwe mapema na mwenzi wako kuliko kuligundua pamoja.

Fika uwanjani mapema kuliko mwenzako wa abiria. Mfahamu loadmasta, msimamizi wa upakiaji, kwa jina, salimiana na vijana wa paleti, maana wao ndio watakaokuambia neti imechanika. Mizigo hai ina masharti yake: vifaranga na farasi hutoa joto na unyevu, na joto la deki ni jukumu lako kuanzia unapofunga mlango. Samaki wa Mwanza akivuja, maji yake na ya barafu huila sakafu ya ndege, kwa hiyo angalia plastiki iliyotandikwa chini. Chakula utajipashia mwenyewe, hakuna mhudumu.

Kwenye ndege kubwa za masafa marefu kuna mtego mwingine. Mkiwa marubani wanne, kutua kunamfikia mmoja tu kila safari, na sheria inataka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Fuatilia hesabu yako; ikikaribia kwisha, omba simuleta kabla hujapigiwa simu na ofisi. Mara mbili kwa mwaka utapimwa upya humo humo, kila mara, hadi utakapofika miaka 65, umri wa mwisho wa kimataifa kwa ndege za marubani wawili.

Kila mwisho wa mwezi, jumlisha daftari lako, liwekee saini inayotakiwa, na uhifadhi nakala ya rosta, vyeti vya simuleta na kila taarifa ya mafunzo mahali pasipo pa kampuni. Kampuni za mizigo hufunga ghafla, na siku hiyo mlango wa ofisi ukiwa na kufuli, hakuna atakayekutolea kumbukumbu zako za saa utakazoulizwa kwenye usaili unaofuata.